Primo Levi: Mkemia Aliyeihesabu Bahati Yake

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi mliojitokeza jioni hii,

Nilipoombwa kuzungumza katika wiki hii ya tarehe 27 Januari, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na utawala wa Wanazi, nilitaka kwanza kukataa, kwa kuwa mimi si mwanahistoria wala si mwalimu wa fasihi. Nafundisha kemia. Lakini mwandishi ninayekusudia kumzungumzia alikuwa mkemia, tena mkemia wa kiwandani, na nilimfahamu kwa bahati ya kukosea: miaka mingi iliyopita nilinunua kitabu chake kwa muuza vitabu vya mitumba anayepanga bidhaa zake chini kando ya barabara, nikidhani, kwa kuwa kilibeba jina la jedwali la elementi, kwamba ni kitabu cha kiada kitakachonifaa darasani. Nilikifungua nikiwa ndani ya daladala. Hakikuwa na hata zoezi moja, na kituo changu kilinipita.

Primo Levi alizaliwa Turin, kaskazini mwa Italia, tarehe 31 Julai 1919, katika familia ya Kiyahudi ambayo, kama nyingi za mji ule, ilikuwa imechanganyika na Waitaliano wengine kwa lugha, shule na mavazi kiasi kwamba Uyahudi wake ulionekana zaidi siku za sikukuu kuliko siku za kazi. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 19 na amekwisha kuanza masomo ya chuo kikuu, serikali ya Mussolini, dikteta wa Kifashisti wa Italia, ilitangaza sheria za ubaguzi zilizowafukuza Wayahudi mashuleni na kwenye utumishi wa umma. Sheria hizo ziliacha tundu moja: aliyekuwa amekwisha kujiandikisha chuoni aliruhusiwa kumaliza. Levi alipita katika tundu hilo, akahitimu mwaka 1941 kwa daraja la juu kabisa, na cheti chake kikaandikwa wazi kwamba mwenye cheti ni wa asili ya Kiyahudi. Fikirini, wanafunzi: karatasi ileile inayosema unafaa kuajiriwa inamwambia mwajiri asikuajiri.

Neno nitakalolishika jioni hii ni bahati, kwa sababu yeye mwenyewe alilishika. Kwetu, mtu akitoka salama kwenye ajali iliyoua wengi, wazee husema Mungu ana makusudi naye. Ni maneno ya faraja, nami nimeyasema misibani. Levi aliambiwa maneno ya aina hiyo na rafiki yake mcha Mungu muda mfupi baada ya kurudi: kwamba amenusurishwa ili aandike. Aliposimulia jambo hilo miaka mingi baadaye, alisema fikra ile ilimwonekea ya kutisha, kwa maana, ikiwa yeye alihifadhiwa kwa kusudi, basi itabidi tuseme kwamba wale wengine, waliokuwa wema kumshinda, waliachwa wafe kwa kuwa hawakuwa na kusudi. Badala yake alifanya kile ambacho mkemia hufanya akikabidhiwa kitu asichokijua. Aliichukua bahati yake, akaitenganisha vipande vipande, na kila kipande akakipima.

Kipande cha kwanza ni tarehe. Mwezi Septemba 1943 Italia ilijitoa vitani na Wajerumani wakaikalia nusu yake ya kaskazini. Levi alipanda milimani katika Bonde la Aosta pamoja na vijana wachache waliotaka kuwa wapiganaji wa msituni, bila mafunzo na karibu bila silaha, na tarehe 13 Desemba wanamgambo wa Kifashisti wakawakamata. Alipohojiwa alikiri kuwa ni Myahudi, akihofu kwamba akijulikana kuwa mpiganaji atapigwa risasi. Akapelekwa kambi ya Fossoli, karibu na Modena. Huko, mwezi Februari 1944, Wayahudi waliambiwa kwamba kesho yake wangesafirishwa wote, na Levi ameuandika usiku ule kwa namna ambayo sijaweza kuisahau: wengine walisali, wengine walilewa, lakini akina mama walikesha wakiandaa chakula cha safari, wakawaogesha watoto na kufua nguo zao, hata kulipokucha ule waya wa miba uliozunguka kambi ulikuwa umejaa nguo za watoto zilizoanikwa zikipigwa na upepo.

Tarehe 22 Februari watu 650 waliingizwa katika mabehewa 12 ya kubebea mizigo. Safari ya kwenda kambi za Auschwitz, katika Poland iliyokuwa chini ya Wajerumani, ilichukua siku kadhaa bila maji. Waliposhuka usiku, maofisa waliwagawa kwa dakika chache tu: wanaume 96 na wanawake 29 wakapelekwa kufanya kazi, na waliobaki, zaidi ya watu 500, hakuna hata mmoja aliyekuwa hai siku mbili baadaye. Levi akachanjwa namba 174517 kwenye mkono wa kushoto. Sasa sikilizeni anachosema katika dibaji ya kitabu chake cha kwanza: kwamba ilikuwa bahati njema kwake kupelekwa Auschwitz mwaka 1944 tu, kwa kuwa wakati huo Ujerumani ilikuwa imepungukiwa nguvukazi na ikaamua kuwaacha wafungwa waishi muda mrefu kidogo kabla ya kuwaua. Ndivyo anavyofungua. Sijapata kuona mtu akilitumia neno bahati kwa ukavu kiasi hicho.

Kambi yake, mojawapo ya zile za Auschwitz, iliitwa Monowitz, na ilijengwa ili kuipa watumwa kampuni ya kemikali ya I.G. Farben, iliyokuwa ikijenga hapo kiwanda cha mpira wa sintetiki. Kiwanda hicho hakikuwahi kutoa hata kilo moja ya mpira. Siku za mwanzo, akiwa ameshikwa na kiu, Levi alinyoosha mkono dirishani akavunja kipande cha barafu kilichoning'inia nje. Mlinzi akaja akampokonya kwa ukali. Levi akamuuliza kwa Kijerumani chake kidogo: kwa nini? Akajibiwa kwamba hapa hakuna kwa nini. Mimi ninayelipwa mshahara ili kuwafundisha vijana kuuliza neno hilo hilo, kila ninapoufikia ukurasa huo huufunga kitabu kidogo.

Aliandika pia kwamba maneno yetu hayakutosha. Sisi tunasema njaa tukichelewa kula cha mchana, na tunasema baridi tukipanda Lushoto mwezi wa Juni. Hayo, kwa maelezo yake, ni maneno yaliyotungwa na watu huru wakiwa majumbani mwao, na lau kambi zile zingedumu zaidi, lugha nyingine kali ingezaliwa humo. Nimejaribu kuwatafsiria wanafunzi wangu kurasa kadhaa kwa Kiswahili na nimeona ugumu huohuo, isipokuwa neno moja lililoniangukia mkononi likiwa tayari. Kambini kulikuwa na wafungwa waliopewa madaraka ya kuwasimamia na kuwapiga wafungwa wenzao, walioitwa Kapo. Sisi tunalo neno mnyapara, na halihitaji maelezo kwa yeyote ambaye babu yake alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge au barabara za mkoloni.

Ni mnyapara mmoja wa aina hiyo, aitwaye Alex, aliyempeleka Levi kwenye kipande cha pili cha bahati yake, yaani kemia yenyewe. Wajerumani walitafuta wafungwa wachache wenye ujuzi wa kufanya kazi maabara, na Levi akafanyiwa mtihani na Daktari Pannwitz, ofisini, mezani, akiwa amesimama katika matambara yake machafu huku akiogopa kukigusa kitu chochote asije akaacha alama. Aliulizwa kuhusu tasnifu yake ya Turin, akajibu kwa Kijerumani alichokiokota katika vitabu vya kemia. Anasema kwamba mwangalio wa Pannwitz haukuwa mwangalio wa mtu kwa mtu. Ulikuwa kama unaopita kwenye kioo cha tangi la samaki, kati ya viumbe wa dunia mbili. Walipokuwa wakirudi, Alex alishika kamba ya chuma iliyojaa grisi, akautazama mkono wake, kisha, bila chuki na bila dhihaka, akaupangusa kwenye bega la Levi, kiganja kwanza, halafu nyuma ya kiganja. Levi anaandika kwamba kwa tendo hilo dogo anamhukumu Alex, na Pannwitz, na wote waliofanana nao. Ameshuhudia mauaji ya maelfu ya watu, na hukumu yake ameitundika kwenye bega lililochafuliwa grisi.

Alifaulu mtihani, na miezi ya mwisho ya mwaka 1944, baridi ilipokuwa ikiwamaliza wenzake nje, akawa ndani ya maabara yenye joto. Humo aliiba. Nawaomba wazazi waniwie radhi, lakini somo la wizi huu ni zuri kuliko mengi yaliyomo katika mtaala. Alikuta vijiti vya kijivu visivyo na lebo, akavichukua kwa siri, akagundua kwamba vikikwaruzwa kwa kisu vinatoa cheche: ilikuwa aloi ya chuma na seriamu, elementi namba 58, ile inayotumika kutengenezea mawe ya viberiti vya gesi. Mle kambini walikuwapo waliounda viberiti kwa siri na kuvinunua vijiwe hivyo, na jiwe moja lilikuwa na thamani ya mkate wa siku moja. Vijiti vilikuwa 40 na kila kimoja kingetoa mawe matatu. Basi yeye na rafiki yake Alberto, waliolala kitanda kimoja na kugawana kila kitu nusu kwa nusu, walijifunika blanketi usiku na kuvikwangua kimoja kimoja gizani, wakihatarisha kunyongwa na hata kuiunguza ile banda nzima ya mbao, hadi yapatikane mawe 120, ambayo Levi aliyahesabu kuwa ni miezi miwili ya uhai kwake na miwili kwa Alberto, na katika miezi miwili Warusi wangekuwa wamefika. Nikiwaandikia wanafunzi alama Ce ubaoni, siku hizi naandika pembeni yake: mkate.

Kipande cha tatu ni mtu, na hapa nitakaa kidogo. Lorenzo Perrone alikuwa fundi mwashi kutoka Fossano, mji mdogo usio mbali na Turin. Hakuwa mfungwa, aliletwa na kampuni ya Kiitaliano kujenga kuta pale kiwandani, na kama raia alikatazwa kabisa kuzungumza na wafungwa, achilia mbali kuwapa chakula. Alikuwa mtu wa maneno machache mno, aliyesoma kidogo, na mnywaji. Mwaka 1944, kwa muda wa miezi sita, alimletea Levi bakuli la supu kila siku. Supu yenyewe ilikuwa ya ajabu: mara ina kokwa za matunda, mara maganda ya soseji, siku moja bawa la shomoro na manyoya yake, siku nyingine kipande cha gazeti la Kiitaliano. Baadaye Levi alikuja kujua sababu, kwamba Lorenzo alikuwa akikusanya mabaki kutoka kwa wenzake na jikoni. Alimpa pia fulana yake iliyojaa viraka, na akamwandikia postikadi iliyofika Italia na kuleta majibu. Hakutaka malipo. Levi aliposisitiza amlipe chochote, Lorenzo alikubali jambo moja tu, kutengenezewa viatu vyake na mshona viatu wa kambi, kwa kuwa pale kushonewa kulikuwa bure.

Levi hakusema kwamba supu peke yake ilimwokoa. Alisema kwamba anaamini yuko hai kwa ajili ya Lorenzo, si sana kwa ule msaada wa chakula, ila kwa kuwa Lorenzo, kwa namna yake ya kuwa mwema bila makeke, alimkumbusha kila siku kwamba nje ya waya ule bado kuna dunia ya haki. Vita vilipokaribia kwisha, Lorenzo alirudi Italia kwa miguu, na alipofika Turin alikwenda kumwona mama yake Levi na, kwa kuwa hakujua kusema uongo, akamwambia asitarajie kumwona tena mwanawe. Mwana alirudi, lakini Lorenzo ndiye aliyezidiwa: alikuwa ameona dunia na hakuipenda, akanywa hadi akaugua kifua kikuu, akafa mwaka 1952. Levi alijitahidi kumtibu na akashindwa. Watoto wawili wa Levi, binti na mwana, wote walipewa majina yanayotokana na Lorenzo.

Kipande cha nne ni ugonjwa. Januari 1945, siku chache kabla Wajerumani hawajaikimbia kambi, Levi alishikwa na homa ya vipele vyekundu akalazwa katika wodi ya maambukizi. Wazima waliamriwa kutembea kwenda magharibi katika theluji. Kutoka kambi zote za Auschwitz walitolewa karibu wafungwa 60,000, na wengi wakafia njiani au kupigwa risasi. Alberto alikuwa mzima. Aliaga akiwa na matumaini, na hakurudi. Levi mgonjwa alibaki, na kwa siku kumi, bila walinzi, bila maji na bila moto, yeye na Wafaransa wawili walitafuta jiko la chuma na viazi katika magofu ya kambi wakawapashia joto wagonjwa wenzao. Jiko lilipowaka, mgonjwa mmoja alipendekeza kwamba kila mtu awape hao watatu kipande cha mkate wake. Jana yake, anasema Levi, jambo hilo lisingefikirika. Kwake, kipande hicho ndicho kilichoonyesha kwamba kambi imekufa. Warusi walifika tarehe 27 Januari.

Kurudi nyumbani kulichukua karibu miezi tisa, kupitia Belarusi, Ukraini, Romania na Hungaria, na akaingia Turin tarehe 19 Oktoba 1945. Alipata kazi katika kiwanda cha rangi, na usiku akaandika. Kitabu chake cha kwanza kilikataliwa na nyumba kubwa ya uchapishaji ya Einaudi, na aliyekikataa, Natalia Ginzburg, alikuwa mwandishi wa familia ya Kiyahudi ambaye mumewe alifia katika gereza la Roma mwaka 1944. Sipendi kumlaumu. Watu walikuwa wametoka kuzika. Mchapishaji mdogo alitoa nakala 2,500 mwaka 1947, wachache wakanunua, na baadhi ya nakala zilizolala ghalani Florence ziliharibiwa na mafuriko ya mwaka 1966. Einaudi walikitoa upya mwaka 1958, ndipo kikaanza kusafiri.

Katika miaka hiyo yote hakuacha kazi ya kiwanda, na hilo ndilo linalonifanya nimwone ndugu wa kazi. Karibu miaka 30 alihudumu katika kiwanda cha rangi cha Settimo Torinese, hadi kukiongoza, na kazi hiyo ndiyo iliyomrudishia mtu mmoja wa zamani. Aliletewa kutoka Ujerumani utomvu usiokauka, akaandikiana barua za madai na kampuni iliyouuza, na mwandishi wa barua za upande wa pili, mtu ambaye katika hadithi anamwita Müller, alikosea kuandika jina la kemikali moja, akaruka herufi. Levi aliwahi kumsikia Mjerumani aliyekosea hivyohivyo, katika maabara ya Auschwitz. Alikuwa ni huyohuyo. Alimpelekea kitabu chake, wakaandikiana, na Müller akataka wakutane, lakini akafa kabla ya kukutana. Waliosoma hadithi hiyo wakitarajia msamaha au kisasi hukasirika. Mimi naona Levi alikuwa amefika mahali ambapo hakuwa na kipimo cha kutosha, akaandika kadiri alivyoweza kupima akaishia hapo.

Kitabu chake cha mwaka 1986, kimojawapo cha mwisho katika uhai wake, ndicho kigumu kuliko vyote. Humo anasema kwamba waliorudi si mashahidi wa kweli. Shahidi kamili ni yule aliyefika chini kabisa, naye hakurudi kusema. Anasema pia kwamba kati ya mwonevu na mwonewa kuna eneo la kijivu, wanamoishi akina mnyapara na wengi wengine, na anatuonya tusiwahukumu upesi. Tarehe 11 Aprili 1987 alianguka kutoka ghorofa ya tatu katika ngazi za jengo alilozaliwa na kuishi karibu maisha yake yote. Mamlaka ziliamua kwamba alijiua. Baadhi ya waliomfahamu hawakukubali kamwe. Mimi sina cha kuongeza, na nisingependa jioni hii iishie katika ngazi zile.

Nimemwomba mwanafunzi wa kidato cha nne atusomee ukurasa mmoja kutoka kitabu chake cha pili, cha mwaka 1963, nilioutafsiri mwenyewe. Unamhusu mtoto wa miaka mitatu hivi, ambaye Levi alimkuta katika hospitali ya kambi baada ya Warusi kufika, amepooza kuanzia kiunoni, hana jina isipokuwa lile alilopewa na wagonjwa, Hurbinek, na hajafundishwa na yeyote kusema, ingawa mkono wake mdogo ulikuwa umekwisha kuchanjwa namba. Siku moja alitamka neno. Wodini mle walikuwamo watu wa karibu kila lugha ya Ulaya, wakanyamaza usiku kucha wakimsikiliza, na hakuna aliyelielewa. Alikufa mwanzoni mwa Machi 1945. Levi aliliandika neno lile kama alivyolisikia, nami katika tafsiri nimeliacha hivyohivyo, bila kulipa kiambishi wala maana. Karibu mbele, mwanangu. Soma polepole, na ukifika kwenye neno hilo lisome kama lilivyoandikwa.